Sauti Isiyo na Pupa

Katika zama hizi, ambapo wimbo hutungwa asubuhi, ukasikika adhuhuri katika kila matatu na tuktuk ya mji, na kabla ya mwezi kuandama mara ya pili ukawa umesahauliwa hata na wale waliokuwa wakiucheza, si jambo dogo mwimbaji kujitokeza akaamua kuimba kwa kituo na taadhima maneno ambayo yalianza kuimbwa karibu miaka mia iliyopita. Jambo hilo amelifanya Siti Muharam wa Unguja katika albamu yake iitwayo Siti of Unguja, iliyotolewa mwaka 2020 na kampuni ndogo ya Uingereza iitwayo On the Corner. Na tangu iliponifikia hapa Tononoka sijaacha kuirejea, wala sijaacha kuamini kwamba ina somo kubwa kwa sisi watu wa Mombasa, ambao tuna hazina ya nyimbo isiyopungua ile ya ndugu zetu wa Unguja, lakini twaitazama ikififia kana kwamba kufifia kwake ni kudura isiyozuilika.

Siti Muharam ni kitukuu cha Siti binti Saad, na nasaba hiyo ni fahari na mzigo kwa wakati mmoja. Siti binti Saad alizaliwa katika kijiji cha Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, katika nyumba ya wanyonge. Baba yake alikuwa Mnyamwezi na mama yake Mzigua, na jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa, jina lililotangaza kwa kila alisikiaye daraja ya wazazi wake katika nchi ile. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kufinyanga vyungu na kuvichuuza, akavitia kichwani na kuvinadi njia nzima, na wengi waliomsimulia wamesema kwamba ni katika kunadi huko ndimo koo lake lilimofunguka. Mwaka 1911 alihamia mjini, akajiunga na mafundi waliomfunza mahadhi na ala. Na mwaka 1928 akavuka bahari pamoja nao mpaka Bombay, ambako waliimba mbele ya mitambo ya His Master's Voice, akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki ambaye sauti yake ilitiwa katika santuri.

Mvita pia ina sehemu yake katika habari hiyo, kwa maana miongoni mwa wale mafundi alikuwamo Mbaruku Effandi Talsam, msanii kipofu ambaye asili yake ilikuwa ya mji huu. Siti alipofariki tarehe 8 Julai 1950 aliacha sifa iliyomfanya Shaaban Robert, mkuu wa waandishi wa lugha yetu, amwandikie wasifu, heshima ambayo ni waimbaji wachache mno wa pwani hii waliojaliwa kuipata. Mtu aliyezaliwa katika kivuli cha jina kama hilo ana njia mbili nyepesi mbele yake: ama aige kila kituo na kila mkunjo wa sauti ya bibi yake, ili wazee waridhike na vijana walale, ama achukue jina tu, alifanye kibandiko cha biashara, na kuimba vile soko litakavyo. Siti Muharam ameziacha njia zote mbili, akashika ya tatu iliyo ngumu kuliko hizo, nayo ni kuzichukua nyimbo za jamaa yake kama amana ambayo mwenye kupewa hana budi kuitumia ili isioze mikononi mwake.

Sauti ya albamu hii imekaa baina ya taarabu, ngoma za kienyeji na jazi. Udi upo, na mwongozo wa muziki umetoka kwa Mohamed Issa Haji, ajulikanaye zaidi kwa jina la Matona, fundi wa udi na fidla ambaye vijana wengi wa Unguja wamepitia mikononi mwake. Mapigo ya dumbaki yapo, yale ambayo masikio ya pwani huyatambua kabla ya akili. Na juu yake, au tuseme chini yake, inapita klarineti ya besi, ala ya kigeni yenye sauti nene na ya giza, ambayo badala ya kushindana na mwimbaji humtandikia mahali pa kukanyaga. Ala hazina haraka ya kujaza kila nafasi. Baina ya beti huachwa uwazi, na katika uwazi huo msikilizaji hupata muda wa kuyatafakari aliyoambiwa, jambo ambalo katika ushairi wetu lilikuwa haki ya msikilizaji tangu zamani, kwa kuwa shairi lenye mafumbo halimezwi kwa mkupuo mmoja.

Kwa sauti yenyewe, nitasema hivi. Siti Muharam aghalabu huingia wakati ala zimekwisha kutulia, na anapoingia hapandishi. Anaanza karibu na mazungumzo, katika sehemu ya chini ya koo lake, hata pumzi yake husikika kabla ya silabi ya kwanza. Vina vyake havivuti kwa mapambo marefu kama wafanyavyo wengi ambao hudhani kwamba ustadi ni wingi wa mikunjo. Huvishusha, akavitua, akanyamaza. Katika wimbo wa Machozi ya Huba, na katika Sikitiko, majonzi yamewekwa mahali pa haki yake, yaani katika maneno, na koo halikulazimishwa kulia ili msikilizaji ajue kwamba hapa ni pa kulia. Huo ndio ustaarabu wa sanaa ambao jazi nzuri huuheshimu na ushairi mzuri wa Kiswahili huuheshimu vilevile, na kwa sababu hiyo sikuona ajabu kuvikuta viwili hivyo vimekaa mkeka mmoja bila kusukumana.

Jioni moja mama yangu mdogo, aliyelelewa Kibokoni na kuolewa huku Tononoka, alikuwa amekaa barazani akichambua mchele kwenye ungo, nami nikauweka wimbo wa Kijiti bila kumwambia ni nini. Njiani matatu zilikuwa zikipita na vishindo vyao, na mwadhini alikuwa hajaadhini magharibi. Akaendelea kuchambua kitambo kidogo, kisha mikono ikasimama juu ya ungo.

"Ni nani huyu aimbaye?" akauliza.

"Ni kitukuu cha Siti, mama."

Akasikiliza mpaka ubeti ukaisha, ndipo aliposema, "Mtoto huyu hana pupa," akarudi kwenye mchele wake.

Sijasoma mahali popote hukumu iliyo fupi na ya haki kuliko hiyo. Alijua wimbo ule, kwa kuwa mama yake alikuwa akiwasimulia mabinti zake kisa chake kama onyo: habari ya mwanamke aliyeuawa huko Unguja, na mwuaji aitwaye Kijiti ambaye alitorokea bara asipatikane, ilhali wanawake waliosimama kutoa ushahidi waliishia wao wenyewe kutiwa hatiani. Siti binti Saad aliuimba mkasa huo katika mji ambao mahakama zake hazikuwa za wanyonge, na wimbo ukafanya kazi ambayo hukumu ilishindwa kuifanya, yaani kulitaja jina la mkosaji mbele ya watu wote na kulifanya lisisahaulike. Wimbo wa namna hiyo ukiimbwa kwa kelele hugeuka tamasha, na ukiimbwa kwa kulia hugeuka kuombwa huruma. Lakini ukiimbwa kwa utulivu, na mtu ambaye halazimishi neno lolote, unabaki kuwa ushahidi. Nadhani hilo ndilo lililoisimamisha mikono ya mama mdogo: aliambiwa jambo zito na mtu ambaye hakumpigia kelele.

Nimesikia wazee wenye heshima, ambao siwezi kuwadharau kwa kuwa masikio yao yana umri mkubwa kuliko yangu, wakilalamika kwamba kuziingiza ala za jazi na mitambo ya studio za Ulaya katika nyimbo za Siti ni kuzichafua. Shakwa hilo lina msingi wa mapenzi, nami nataka kulijibu kwa mapenzi. Taarabu yenyewe ilizaliwa kwa kukopa. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala Unguja tangu 1870 hadi 1888, ndiye aliyempeleka Mohamed bin Ibrahim mpaka Misri akajifunze kupiga kanuni. Na Ikhwani Safaa, klabu ya taarabu iliyo kongwe kuliko zote Unguja, iliyoasisiwa mwaka 1905, ilianza kwa nyimbo za Kiarabu na ala za Kimisri. Siti binti Saad alizitwaa ala hizo za jumba la kifalme akaziimbia Kiswahili cha watu wa mtaa wa Ng'ambo, na hapana shaka palikuwa na wazee wa siku zile ambao waliona kwamba heshima ya ala imevunjwa.

Hapa kwetu Mombasa tumekopa kwa mikono miwili, tena bila haya, nasi tukatajirika. Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alizichukua lahani za filamu za Kihindi akazivisha mashairi ya Kimvita yaliyosukwa barabara, mengi yake yakiwa ya binamu yake Ahmad Nassir, mwenye Malenga wa Mvita, na leo hapana harusi ya Mji wa Kale ambayo mtu angethubutu kusema kwamba Bhalo si wetu. Zuhura Swaleh aliiweka chakacha ya wanawake juu ya tashkota, ala iliyovumbuliwa Japani mwanzoni mwa karne ya ishirini, ikafika kwetu kwa njia ya bahari na kutiwa umeme, hata ikawa kama ilizaliwa Kuze. Zein l'Abdin, mwana wa Lamu aliyezaliwa mwaka 1939 na kuhamia huku, alishika udi wa Kiarabu akaimba tungo za washairi wa Kiswahili wa kale na wa sasa, miongoni mwao Ahmed Sheikh Nabhany, kwa ufasaha ambao hata msikilizaji asiyeujua udi aliyafuata maneno mpaka mwisho. Kama kukopa kungekuwa najisi, basi taarabu ya Mombasa isingekuwa na sehemu yoyote iliyo tohara.

Na katika ulimwengu mpana, udi na jazi si wageni wao kwa wao. Ahmed Abdul-Malik, mpiga besi wa Brooklyn, alitoa albamu ya Jazz Sahara mwaka 1958, akiuchanganya udi na saksafoni wakati ambapo wengi wa wenzake hawakujua udi ni nini; na mwaka 1998 Anouar Brahem wa Tunisia alitoa Thimar, pamoja na John Surman mpiga klarineti ya besi na Dave Holland mpiga besi, albamu ambayo kila niisikilizapo huniyakinishia kwamba mti na nyuzi za udi huzoeana kwa urahisi na sauti nene ya klarineti ile. Kwa hiyo mafundi waliokaa na Siti Muharam hawakuzua uchawi mpya. Walipita katika njia iliyokwisha kufyekwa, na sifa yao ni kwamba waliipita wakiwa wamebeba Kiswahili.

Hata hivyo, kukopa kuna sharti, na insafu yanilazimu niliseme hata kama naipenda albamu hii. Katika ushairi wetu neno ndilo sultani, na ala ni watumishi wa baraza lake. Ala ikilifunika neno, au mwangwi wa studio ukiusukuma ubeti nyuma hata msikilizaji wa Makadara ashindwe kujua ni "moyo" au ni "mwoyo" uliotajwa, basi kilichobaki ni uzuri usio na habari. Kuna mahali katika albamu hii, si pengi, ambapo nilitamani mtambo ungeuondoa mkono wake juu ya kinywa cha mwimbaji, kwa sababu msikilizaji wa London ambaye hajui Kiswahili huridhika na mawimbi ya sauti, lakini sisi tulioachiwa nyimbo hizi twataka kila silabi yetu. Nalisema hili kwa kuwa wimbo wa kwetu unapotolewa na kampuni ya mbali hukabiliwa daima na hatari ya kufanywa uvumba: harufu nzuri ya mahali pa mbali, isiyomwambia mtu lolote. Siti Muharam ameiepuka hatari hiyo mara nyingi zaidi kuliko alivyoikaribia, na kilichomwokoa ni ule utulivu wake, maana mwimbaji asiye na pupa huyatamka maneno.

Sasa niseme lililonisukuma kuandika. Katika nyumba nyingi za kisiwa hiki, kuanzia Majengo hadi Mji wa Kale, mna makasha ya kanda za waimbaji wetu wa taarabu, za Matano Juma, za Maulidi Juma, za Bhalo, za Zein na za Malika, nyingine zikiwa zimerekodiwa harusini usiku kucha, na sauti za wageni, vigelegele na tuzo zimo ndani yake. Utepe wa kanda huharibika kwa joto na unyevu wa bahari. Hunata, hukatika, na kilichokuwamo hakirudi. Fauka ya hayo, kanda nyingi hazikuandikwa jina la mshairi aliyetunga maneno, na wale wanaokumbuka ni nani aliyemtungia nani, na kwa ugomvi gani au kwa mapenzi gani, wanaondoka mmoja mmoja. Zein alifariki Juni 2016, na Nabhany akafuata mwanzoni mwa 2017. Kazi ya kwanza, basi, ni ya kila nyumba: kuzitoa kanda hizo mvunguni, kuzihamisha katika kompyuta zingali zasikika, na kumkalisha mzee kitako ili aseme haya ni maneno ya nani.

Lakini kuhifadhi peke yake hakutoshi, na hapa ndipo albamu ya Siti Muharam inapotufunza lililo kubwa. Nyimbo za bibi yake zilikuwa zimehifadhiwa. Santuri zilikuwapo, wasifu ulikuwapo, na wanazuoni wa Ulaya na Marekani walikwisha kuziandikia tasnifu. Lililokosekana ni koo hai la mtu wa leo kuzitia pumzi. Unguja jambo hilo liliwezekana kwa sababu mji ule una Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa mwaka 2002, ambamo mtoto wa kawaida aweza kufunzwa udi, kanuni, fidla na dumbaki na walimu wanaojua, ilhali kwetu elimu ya udi bado yategemea sana hisani ya mzee mmoja mmoja na subira ya kijana mmoja mmoja. Sioni sababu ya Mombasa, mji wa mshairi Muyaka bin Haji, kuwa nyuma katika jambo hili.

Tononoka tuna ukumbi wetu wa jamii ambao umepokea mikutano na sherehe za kila aina. Ukumbi huo ungeweza mara moja kwa mwezi kutengwa kwa usiku wa sauti na udi: mwimbaji mmoja, wapigaji wachache, mshairi akae mbele kueleza fumbo lake baada ya wimbo, na vipaza sauti viwekwe kwa kadiri ambayo mtu aliye kiti cha nyuma atasikia maneno bila kuumia masikio. Kijana anayependa jazi aje na klarineti yake au na gitaa lake, asifukuzwe. Mzee anayependa taarabu ya kale aje na masharti yake, asidharauliwe. Na sheria ya usiku huo iwe moja tu, kwamba hapana ala itakayopaa juu ya neno. Serikali ya kaunti na shule zetu za sekondari hazitafilisika kwa jambo hilo, na mwanafunzi ambaye leo huliona shairi la kina na mizani kama adhabu ya mtihani atapata kulisikia likiwa kazini, likimliza mtu mzima au kumchekesha.

Najua kwamba vijana wetu wana nyimbo zao, nami sizikatai. Kila rika lina haki ya ngoma yake. Ninachokikataa ni ile fikra iliyoenea kwamba utulivu ni uzee, na kwamba mwimbaji asiyepiga kelele hana la kusema. Siti Muharam ameibatilisha fikra hiyo kwa nyimbo chache, kwa kusema jambo zito kwa sauti ya chini na kumwachia msikilizaji akili yake. Mashairi ya Muyaka, aliyefariki mwaka 1840, yaliishi katika vifua vya watu wa mji huu mpaka Mwalimu Sikujua bin Abdalla alipoyakusanya mwishoni mwa karne ile, bila santuri, bila kanda, bila studio, kwa sababu kila baada ya kitambo alitokea mtu akayasema tena. Maneno ya Ahmad Nassir na ya Nabhany hayastahiki umri mfupi kuliko huo, nasi twahitaji waimbaji wa Mombasa, wenye miaka mingi ya kuishi bado, wayachukue sasa na kuyaimba kwa ala wazitakazo, polepole, hata kila neno lisikike.